Ramli si Ufundi

Katika mji wetu wa Bunda ugonjwa wa gari hutajwa kabla boneti haijafunguliwa. Fundi hufika, husikiliza injini kwa muda wa kumeza mate, kisha hutamka: "Hii ni pampu." Ukimwuliza amejuaje, hujibu kwamba magari ya namna hii ndivyo yalivyo. Mwenye gari hutoa fedha, pampu hununuliwa, na gari hukataa kuwaka. Basi fundi hutamka tena: "Itakuwa koili." Nayo hununuliwa. Hatimaye, baada ya spea tano, moja huangukia penye ugonjwa, gari huwaka, na fundi husifiwa mtaa mzima kuwa ni bingwa. Mimi nasema huyo si bingwa. Huyo ni mpiga ramli mwenye spana, na sisi tunaomlipa ndio tuliomfundisha kazi hiyo.

Nitaonekana mkali. Nilifundisha tangu mwaka 1973 hadi mwaka 2011 nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, na ukali ndiyo sehemu pekee ya kiinua mgongo changu ambayo haikuchelewa kulipwa. Nimevuka miaka sabini. Mtu wa umri huo akikaa kimya juu ya jambo analolijua, watu hudhani amesinzia.

Gari langu ni Toyota Celica ya mwaka 1991, yenye milango miwili, gari la spoti. Nililinunua mwaka ule ule niliostaafu, kwa daktari mmoja wa Mwanza aliyelitunza kama mboni ya jicho. Taa zake za mbele hulala ndani ya boneti wakati wa mchana na kuinuka usiku kama macho ya chura, na watoto wa mtaani kwetu hunisihi niziinue hata jua likiwa utosini. Watu wazima nao walinicheka. Walisema mzee mwenye wajukuu hapaswi kuendesha gari la vijana, na kwamba fedha hiyo ingetosha ng'ombe kadhaa. Baadaye, kila lilipopata hitilafu ndogo, walibadili wimbo wakasema gari kuukuu ni mzigo, liuze, nunua gari la juzi. Wimbo huo ndio unaonikera kuliko kicheko.

Maana, ndugu msomaji, gari hili si kuukuu kwa maana ya kuchoka. Huko Japani gari la mtu binafsi hulazimika kukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Tena gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake huongezwa. Ndiyo sababu magari mengi ya kule huuzwa nje yakiwa bado na nguvu. Yanafika kwetu mazima. Yanakufa hapa, mikononi mwetu, na si uzee unaoyaua.

Wala Celica si gari la maonyesho tu. Wazee wenzangu watakumbuka mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tulisimama kando ya barabara tukimeza vumbi. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, aliyashinda miaka ya 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na siku hizo kila mvulana alijiona ni Shankland. Kisha Wajapani wakaingia. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mara hiyo ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Na Celica? Ilishinda miaka ya 1984, 1985 na 1986, ikarudi mwaka 1990, kisha ikashika miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995. Mwaka 1994 dereva alikuwa Ian Duncan wa Kenya. Langu si la aina ile ya mashindano. Halina taibo, na huvuta kwa magurudumu ya mbele tu. Lakini ukoo ni huo huo, na injini yake ni ya familia ya 3S, ambayo imo ndani ya Camry na RAV4 nyingi za zamani zinazopita barabara ya Mwanza na Sirari kila siku. Kwa hiyo anayeniambia kwamba gari langu ni la ajabu na spea zake hazipatikani, hajafungua boneti ya gari lake mwenyewe.

Sasa nitoe mfano wa kwanza, nao ni mdogo, lakini ndani yake mna ugonjwa wetu wote. Katika injini kuna kidude kinachoitwa themostati. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kiasi cha nyuzi 80 na kitu za Selsiasi, kisha kufunguka. Mafundi wetu wengi hukiondoa na kukitupa. Gari likichemsha, la kwanza ni kutoa themostati. Hata gari lisipochemsha hukitoa, kwa tahadhari. Hoja yao husemwa kwa sauti ya mtu anayesoma msahafu: "Mwalimu, nchi yetu ni ya joto, hicho ni cha Ulaya."

Hoja hiyo nimeisikia Bunda, nimeisikia Musoma, nimeisikia Mwanza, na kila mahali nimewauliza swali moja: jua la Bunda lina nyuzi 80? Kama lingekuwa nazo tungekuwa tumeiva sisi kabla ya injini. Themostati haina habari na hali ya hewa. Inaangalia injini. Ukiitoa, maji hupita muda wote, injini haifikii joto lake, na katika gari lenye kontroboksi ya kupima mafuta, sensa ya maji hupeleka taarifa kwamba injini bado ni baridi. Kontroboksi, kwa utii, huongeza petroli kama inavyofanya asubuhi. Mwenye gari hulalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Fundi husema gari ni kuukuu. Si hivyo tu. Toyota wenyewe, katika vitabu vyao vya matengenezo, wanaonya kwamba themostati isitolewe hata kama injini inaelekea kuchemsha, kwa kuwa kuitoa hupunguza uwezo wa kupoza. Sababu ni kwamba katika injini za namna hiyo kidude hicho, kinapofunguka kuelekea rejeta, huziba njia ya mkato. Kikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani anayeitoa ili gari lisichemshe anaweza kuwa ndiye anayelichemsha, siku ile atakapopanda mlima na mzigo.

Haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu kuuliza kitu hiki kiliwekwa kwa nini, kabla ya kukitupa kwenye majani nyuma ya gereji.

Mfano wa pili ulinipata barabarani. Nilikuwa natoka Mwanza, mchana, na nilipokaribia geti la Ndabaka, pale hifadhi ya Serengeti inapoigusa barabara, gari likazimika ghafla kama taa iliyopulizwa. Nilikaa nusu saa nikitazamwa na nyani. Nikawasha, likawaka, nikafika nyumbani. Kesho yake likarudia, na tena likiwa limepata moto tu. Likiwa baridi halina neno. Nikalipeleka kwenye gereji moja hapa mjini.

"Mwalimu, pampu ya mafuta imekufa," fundi akasema.

"Umeipima?"

"Hapana, ila hizi huwa zinakufa."

"Na kama si pampu?"

"Basi tutabadilisha plagi na waya zake. Na ikikataa kabisa, tunang'oa mfumo huu wote, tunakuwekea kabureta. Utasahau shida."

Nilikataa yote matatu. Na kabla sijaondoka nilimwona akinyoosha mkono kufungua waya wa betri, nikamzuia. Hapo ndipo hasa ninapotaka msomaji anisikilize, maana wengi hawajui jambo hili, na mafundi wengi wanaolijua hawalitumii.

Toyota za miaka ile hujieleza zenyewe. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko, kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake mna matundu, na chini ya kifuniko yameandikwa majina ya matundu hayo. Chukua kipande cha waya, unganisha tundu la TE1 na la E1, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa upesi upesi bila kupumzika, kontroboksi haikumbuki kosa lolote. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu. Mbili, kituo, mbili: ni 22, mstari wa sensa ya joto la maji. Nne, kituo, moja: ni 41, sensa ya mlango wa hewa. Moja, kituo, nne: ni 14, ishara kutoka kwenye ignaita haikufika. Gari limeandika ugonjwa wake katika kumbukumbu, na linamsubiri mtu wa kuuliza. Na unajua fundi wetu hufanya nini kwanza? Hufungua betri! Kumbukumbu ile huishi kwa umeme wa betri, ukiukata, imefutika. Ni sawa na mwalimu anayefuta ubao kabla ya kusoma jibu la mwanafunzi, kisha anamchapa kwa kutojibu.

Nililirudisha gari nyumbani, nikamwita kijana mmoja niliyemfundisha darasa la sita, anayeshinda kwenye gereji bubu karibu na stendi, akifua vyuma vya wengine. Nilimpa kahawa na kitabu cha matengenezo nilichokitoa nakala, nikamwambia: leo hatununui kitu, leo tunauliza tu. Tuliliacha liunguze mpaka likazimika. Tukachomoa plagi, tukailaza kwenye chuma, tukapiga stata: hakuna moto. Lakini plagi ilikuwa imelowa petroli. Basi pampu ikaachiwa huru hapo hapo, maana imeleta mafuta. Tukaweka waya kwenye matundu, taa ikapepesa: moja, kituo, nne. Tukarudia, ikasema vile vile. Ilibaki koili, ignaita, distributa na waya zake. Tukapima koili ikiwa ya moto na ikiwa imepoa, haikutofautiana kwa kiasi cha kutia shaka. Tukatikisa waya, zilikuwa imara. Gari lilipozimika tena, kijana akalowesha kitambaa, akakikamua vizuri maji yasidondoke, akakiweka juu ya ignaita peke yake dakika chache. Likawaka. Tukafanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu likawaka. Kijana alicheka peke yake kama mtu aliyesikia siri.

Ignaita ilipatikana Mwanza, imetolewa kwenye Camry iliyogongwa. Kitu kimoja. Hakikuwa pampu, wala plagi, wala waya zake, na kabureta tuliwaachia wenye kabureta. Mpaka leo gari halijazimika tena kwa sababu hiyo.

Wapo watakaosema kwamba nawaonea mafundi, kwamba hawana vifaa. Nakubali kwamba hawana vifaa vingi. Lakini kipande cha waya kina bei gani? Balbu ya gari iliyoungwa nyaya mbili, ya kuonyesha umeme umefika au haukufika, ina bei gani? Kitambaa kilicholoweshwa? Kinachokosekana si kifaa. Na hapa nawageukia wenzangu wenye magari, kwa kuwa lawama kubwa ni yetu.

Sisi tunalipia spea, hatulipii akili. Fundi akikaa nusu siku akipima na kutafuta, kisha akakuta waya mmoja wenye kutu, akausafisha, utampa nini? Utampa elfu mbili ya soda, na moyoni utasema huyu kijana hakufanya kitu. Lakini akikubadilishia pampu nzima isiyo na kosa, utamlipa ufundi bila kunung'unika, kwa kuwa umeona kitu kipya kinang'aa. Basi fundi mwenye watoto afanye nini? Atabadilisha. Tumempangia mshahara wa kukosea. Mtu akilipwa kwa kila dawa anayoitoa, hakuna mgonjwa atakayekutwa mzima.

Na ramli si jambo dogo kwetu. Katika Kanda hii ya Ziwa tunajua ilipotufikisha. Bibi vizee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yaliwekundishwa na moshi wa kupikia, wa kuni na wa samadi, maisha yao yote. Mtoto akifa, mpiga ramli hakuuliza mtoto aliumwa nini; alitaja jina. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku. Simfananishi fundi wa gari na muuaji, la hasha. Ninasema kwamba mwendo wa fikra ni mmoja: kutaja sababu bila kuichunguza, na kuaminiwa kwa ajili ya uhakika wa sauti. Mtu aliyezoea kukubali hivyo kwenye gereji, atakataa vipi kwingine?

Tena tunaweza kubadilika, hilo limeshaonekana. Wengi wetu tulikua wakati kila homa ilikuwa malaria. Ulifika zahanati, ulishikwa paji la uso, ukapewa dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa, na leo hata katika zahanati ya kijijini mtoto hutobolewa kidole, kipimo kidogo hutiwa tone la damu, na majibu huja kabla ya dawa. Mwanzoni wazazi walikasirika. "Mtoto anaungua, ninyi mnapima!" Sasa ni wazazi hao hao wanaouliza: amepimwa? Kwa nini basi mtu anayedai kipimo cha mwanawe asidai kipimo cha gari lake?

Najua pia mahali kosa hili linapoanzia, maana nimefanya kazi hapo miaka 38. Linaanzia darasani. Mwalimu Nyerere, ambaye Butiama kwao si mbali na hapa, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule imjengee mtoto akili ya kudadisi. Novemba 1974, mjini Musoma, chama kiliazimia kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule waandikishwe ifikapo mwaka 1977. Niliipokea kazi hiyo kwa moyo wote na sijutii. Bila azimio lile wengi wa mafundi hawa wasingejua hata kusoma neno DIAGNOSIS. Lakini madarasa yalipojaa, udadisi ulikuwa wa kwanza kutupwa nje ya dirisha. Mtoto alifundishwa jibu, hakufundishwa kulitafuta. Akakutana na maswali ya kuchagua A, B, C au D, akajifunza kwamba hata asiyejua hupata moja kati ya nne. Huyo ndiye aliyekua akawa fundi. Pampu, koili, plagi, kabureta: anachagua herufi.

Na wanafunzi wake ni wale vijana wanaoshika tochi pembeni. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko magari. Kijana huingia gereji akiwa na miaka 16, macho yamemtoka, anauliza kila kitu. Baada ya miaka mitatu hajifunzi tena kuuliza, amejifunza kutamka. Chuo cha ufundi kingemsaidia, na serikali imekuwa na mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi tangu sheria ya mwaka 1994, lakini si kila mzazi anaweza kulipa, na wengi wataendelea kujifunza chini ya mwembe. Basi chini ya mwembe huo huo ndipo ambapo wenye magari tunaweza kubadili bei. Mimi nimeanza. Nikipeleka gari, nalipa ada ya kupima kwanza, peke yake, hata kama ugonjwa ni skrubu iliyolegea, na nadai nionyeshwe kipimo kabla spea haijanunuliwa. Spea iliyotolewa naichukua mimi. Wenye gereji wawili wamenilalamikia kwamba naharibu biashara. Nimewajibu kwamba hiyo ndiyo nia yangu.

Yule kijana wa ignaita ana kibanda chake sasa, mabati sita na nguzo nne. Ukutani ameandika kwa chaki: kupima elfu kumi, kubadilisha ni baada ya kupima. Wiki ya kwanza wateja wawili walisoma, wakacheka, wakaondoka. Wa tatu, mwenye Noah inayosumbua kuwaka, alibaki, kwa kuwa alikuwa ameshanunua betri mbili kwingine. Kijana alimkuta na waya wa nguvu hasi ulioota kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Aliusugua kwa msasa, akaufunga, akapiga stata. Yule bwana alisimama muda mrefu akiitazama elfu kumi mkononi mwake, kisha akaitoa.